Injini inamisi? Pima kwanza, nunua baadaye

Na Mwandishi Wetu, Juba

NI saa 12 asubuhi katika mtaa wa Gudele, Juba. Noah ya mfanyabiashara mmoja wa vitunguu na mayai imewashwa uani, tayari kwa safari ya Elegu, lakini inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Kwenye dashibodi taa ya njano ya injini inawaka. Kwenye silensa sauti haitoki kwa mfululizo: inatoka, inakatika, inatoka tena. Kila dereva wa njia hii anaijua sauti hiyo. Injini inamisi.

Mama huyo, mzaliwa wa Kitale ambaye amefanya biashara Juba kwa miaka mingi, ameshika kiuno akiitazama. Wiki mbili zilizopita alilipia plagi nne mpya na koili moja. Gari likaendelea kumisi vilevile. Aliporudi gereji aliambiwa kwamba koili zote zimechoka, anunue tatu nyingine.

"Nikamwambia fundi, mwanangu, mimi sina duka la koili," anasema. "Kama ile ya kwanza haikuponya, utajuaje kwamba hizi tatu zitaponya?"

Swali hilo ndilo msingi wa makala haya. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka, injini inayomisi inagusa mfuko, mzigo na hata uhai. Barabara ya lami ya Juba hadi Nimule ina urefu wa kilomita 192. Ilijengwa kwa msaada wa Marekani na kufunguliwa mwaka 2012, na ndiyo mshipa unaoleta chakula na mafuta mjini Juba. Ndiyo pia barabara ambayo msafiri hapendi kulala njiani. Mwaka 2021 madereva wa malori waliegesha magari yao Elegu na kukataa kuendelea baada ya wenzao kuuawa katika barabara za Sudan Kusini. Gari lililokufa porini saa 12 jioni si sawa na gari lililokufa mbele ya gereji.

Habari njema ni kwamba kosa hili mara nyingi linaweza kutafutwa nyumbani kwa spana chache na subira. Habari mbaya ni kwamba linaweza pia kumuumiza anayelitafuta bila tahadhari. Tuanze na hilo.

Moshi usio na harufu

Usiku wa kabla ya asubuhi hiyo mvua ilinyesha. Kijana anayemsaidia mama huyo aliliingiza gari kwenye banda la mabati, akafunga mlango ili asilowe, akawasha injini na kukaa karibu nayo akisikiliza. Haikupita nusu saa akaanza kuumwa kichwa, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu.

"Tulidhani ni malaria," anasema mama. "Kila kitu hapa tunakiita malaria."

Jirani yao, fundi wa magari kutoka Gulu aliyejifunza kazi yake Eldoret, ndiye aliyefungua mlango na kumtoa kijana nje. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu husikia kichwa, huchoka, husinzia, na akisinzia ndani ya banda lililofungwa huenda asiamke. Ni hatari ileile ya jenereta linalowashwa ndani ya duka au chumba cha kulala. Injini inayomisi huchoma mafuta vibaya, hivyo moshi wake si wa kuaminika hata kidogo.

Kanuni ya kwanza, basi: injini inayopimwa iwe mahali pa wazi, silensa ielekee mbali na mlango na dirisha la nyumba. Mvua ikinyesha, kazi isubiri. Mtu akisikia kichwa karibu na injini inayounguruma, atolewe kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali, na daktari aambiwe habari za moshi.

Kabla hujafungua boneti

Fundi wa Gudele hakugusa injini mpaka alipofanya mambo haya, na hata wewe msomaji usiyaruke.

Gari lisimame mahali tambarare. Vuta handibreki, weka gia ya P kwa gari la otomatiki au nyutro kwa gari la gia za mkono, kisha weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kazi hii haihitaji mtu kulala chini ya gari, na gari lililoinuliwa kwa jeki pekee asiingie mtu chini yake.

Acha injini ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, maji yake huruka na kuunguza uso. Vua bangili na saa, funga mtandio, kunja mikono ya shati. Mikanda inayozunguka haimjui mwenye gari, na feni ya umeme katika magari mengine huweza kuanza yenyewe hata baada ya injini kuzimwa.

Jiko la mkaa, sigara na jenereta vikae mbali. Dumu au chupa za petroli ziondolewe uani. Ukisikia harufu kali ya petroli mbichi au ukiona tone linadondoka kwenye paipu, usiwashe gari. Hapo kazi yako imekwisha, mwite fundi. Ule mtindo wa kumwagia petroli kwenye njia ya hewa ili injini "iamke" umeunguza watu nyuso. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu, au angalau ndoo ya mchanga mkavu.

La mwisho ni umeme. Betri ni ya volti 12, lakini koili huupandisha umeme huo hadi makumi ya maelfu ya volti ili plagi irushe cheche. Usichomoe waya wa plagi wala koili wakati injini inaunguruma, ingawa mafundi wengi wa zamani hufanya hivyo. Rusho lake linaweza kukutupa kwenye feni, na linaweza kuua koili iliyokuwa nzima. Mwenye kifaa cha moyo asikaribie kabisa. Ufunguo uzimwe kwanza, ndipo mkono uende.

Injini inakwambia nini

Silinda moja huhitaji mambo matatu ili iwake: hewa na mafuta kwa kiasi chake, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Kumisi ni kukosa moja kati ya hayo. Kabla ya kufungua chochote, jiulize injini inamisi wakati gani.

Ikimisi ikiwa imesimama tu na kutulia ukikanyaga mafuta, shuku hewa inayovuja kwenye mpira uliopasuka. Ikimisi ikipanda mlima na mzigo, shuku plagi, koili au mafuta yasiyofika ya kutosha. Ikimisi asubuhi ikiwa baridi huku maji ya rejeta yakipungua siku hadi siku, shuku gesketi ya silinda hedi. Ikimisi siku za mvua, shuku mpira wa koili au waya wa plagi wenye nyufa.

Juba ina sababu zake za nyumbani. Vumbi la barabara zisizo na lami huziba filta ya hewa mapema. Kuosha injini kwa maji ya nguvu huacha maji kwenye mashimo ya plagi, na cheche hukimbilia kwenye maji badala ya kuruka ndani ya silinda. Halafu kuna petroli ya chupa. Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi, lakini petroli inayochomwa mjini huja kwa malori kutoka nje, na uhaba ukiingia, chupa za plastiki hujipanga kando ya barabara. Ndani ya chupa hizo mtu anaweza kuuziwa maji au mafuta ya taa.

Kama gari lilianza kumisi baada tu ya kujazwa, usiikimbilie koili. Ukiwa nje, mbali na moto, weka petroli kidogo ya aina hiyohiyo kwenye chupa ya kioo, uifunike na uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mstari. Tone la petroli safi juu ya karatasi nyeupe hukauka upesi bila kuacha doa, na likiacha doa la mafuta, shuku. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuzuia usinunue spea kwa kosa la mafuta.

Kisha angalia kwa macho: kichwa cha betri kilicholegea, plagi ndogo ya waya iliyochomoka, waya uliotafunwa na panya, mpira wa hewa uliochanika. Pima oili. Ukiiona imekuwa kama chai ya maziwa, au silensa inatoa moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, maji yameingia mahali pasipo pake. Gari hilo lisisafiri.

Silinda namba tatu ni ipi?

Baada ya kuangalia hayo na kutoona kasoro, fundi alichomeka kifaa kidogo cha kusomea makosa kwenye tundu lililo chini ya usukani, kikatuma majibu kwenye simu yake. Vifaa hivi siku hizi ni rahisi, na wafanyabiashara watatu wanaweza kuchangia kimoja. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990 hayasomeki kwa kifaa cha kawaida, lakini Noah hii ilisomeka. Jibu likaja: P0303.

Namba hizo si fumbo. P0300 maana yake injini inamisi bila kuchagua silinda, na hapo hutazamwa mambo yanayozihusu zote, kama mafuta na hewa. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, P0303 ya tatu, P0304 ya nne. Lakini namba hiyo husema mahali penye ugonjwa tu. Haisemi ugonjwa wenyewe. Inaweza kuwa plagi, koili, nozo ya mafuta, waya au valvu isiyofunga.

"Mama, ile koili mpya walifunga wapi?" fundi akauliza.

Kijana akaonyesha kwa kidole. Fundi akacheka kidogo. Katika injini za Toyota za silinda nne zilizolala kukingama, kuhesabu huanzia upande wa mikanda. Fundi wa kwanza alihesabu kutoka upande wa giaboksi. Ukihesabu kutoka huko, ya tatu unayoigusa ni namba mbili. Koili mpya iliwekwa kwenye silinda ambayo haikuwa inaumwa.

Lakini hakutaka kuaminiwa kwa maneno. Alifanya kipimo ambacho kila mwenye gari la petroli lenye koili juu ya kila plagi anaweza kukifanya, yaani kubadilishana.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, alipuliza vumbi kuzunguka koili kwa pampu ya baiskeli ili lisidondokee shimoni. Akabana kile kidude cha plastiki na kuchomoa waya mdogo wa koili namba mbili na namba tatu, akafungua boti kwa spana namba 10, akaziandika koili kwa kalamu, akazivuta polepole zikiwa wima. Koili ya namba tatu akaipeleka kwa namba mbili, na ile mpya ya namba mbili akaileta kwa namba tatu. Akafunga kila kitu, akafuta kosa kwenye simu, akawaambia watu wasimame kando, ndipo akawasha.

Baada ya dakika chache jibu jipya likaja: P0302. Kosa lilihama pamoja na koili.

Hapo hapana ubishi tena. Kosa likihama, umeipata spea mbovu. Kosa lisipohama, koili ni nzima na hela yako imebaki mfukoni, kwa hiyo badilishana plagi kwa njia ileile. Likibaki palepale hata baada ya plagi, sasa ni zamu ya nozo, waya au mgandamizo, na hizo ni kazi za fundi mwenye vipimo.

Asiye na kifaa anaweza kupima kwa sikio. Zima injini, chomoa waya mdogo wa koili moja, washa kwa sekunde chache, sikiliza, zima, rudisha. Silinda nzima ikinyimwa umeme, injini huzidi kutetemeka. Ukifika kwenye ile ambayo kuchomoa hakuleti tofauti yoyote, hiyo ndiyo ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Usiiache injini iungurume muda mrefu hivyo, kwa sababu petroli isiyochomwa huingia kwenye silensa na kuipasha moto kupita kiasi. Na usijaribu koili nje kwa kuitazama ikirusha cheche. Cheche ya nje inaweza kuwasha mvuke wa petroli na kuharibu kompyuta ya gari.

Ukitoa plagi, isome. Yenye rangi ya udongo au kijivu ni ya silinda yenye afya. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yanazidi hewa. Iliyolowa petroli, haikupata cheche. Iliyolowa oili, pistoni au valvu zinapitisha. Nyeupe yenye malengelenge, silinda inachemka. Ukiirudisha, anza kwa vidole mpaka iingie vizuri kwenye nyuzi, usianze na spana. Silinda hedi ni ya alumini, nyuzi zake zikiliwa utaijutia ile haraka.

Kwa wenye dizeli

Wenye Hiace za dizeli na malori wasiyachukue haya yote. Injini ya dizeli haina plagi za cheche, hivyo ikimisi hutazamwa maji kwenye dizeli, filta, hewa kwenye paipu na nozo. Kutoa maji chini ya filta, injini ikiwa imezimwa, ni kazi ya nyumbani. Kulegeza paipu za nozo si kazi ya nyumbani. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa mgandamizo unaopita baa 1,000, na uzi mwembamba wa mafuta hayo hutoboa ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini ndani mkono unaoza. Aliyepigwa na mafuta hayo akimbizwe hospitali hata kama hasikii maumivu. Magari ya petroli yanayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda nayo yana paipu za mgandamizo mkubwa, yasiguswe.

Taa ikipepesa

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kulipeleka gari kwa fundi taratibu. Ikipepesa, injini inamisi vibaya kiasi cha kuiunguza silensa. Punguza mwendo, shusha mzigo, tafuta mahali salama pa kusimama. Usiegeshe juu ya nyasi kavu, maana wakati wa kiangazi silensa iliyowiva huwasha moto. Na usianze safari ya Nimule kwa matumaini kwamba itajiponya njiani. Itakuachia milimani.

Somo kwa wanunuzi wa spea

Wengi wetu hununua spea Kisekka mjini Kampala au Kirinyaga Road, Nairobi. Nenda na spea mbovu mkononi, linganisha namba zilizoandikwa juu yake, sio umbo tu. Koili mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zisifanye kazi moja. Kumbuka pia kwamba cheti rahisi cha asili, kinachotumika mpakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki. Vitunguu vya Mbale vinahusika, koili ya Japani haihusiki. Weka risiti.

Na kila spea inayotolewa kwenye gari lako, idai. Ni mali yako.

Hilo ndilo lililomwokoa mama wa Gudele. Fundi alipomwambia kwamba koili moja ni mbovu na itabidi kununua, alikwenda chumbani akarudi na boksi la viatu. Ndani yake zilikuwamo plagi nne kuukuu na koili moja, ile iliyotolewa wiki mbili zilizopita kwenye silinda namba mbili.

"Nilimwambia yule fundi anirudishie," alisema. "Sikujua ya nini. Kitu nilichokilipia sikiachi."

Fundi aliitazama mpira wake, akaifuta, akaifunga mahali pa ile mbovu. Injini ikawaka. Safari hii ilinguruma kwa mfululizo, na bilauri ya maji aliyoiweka juu ya boneti ikatulia. Akaiacha kwa dakika 20, akalizungusha gari mtaani mara mbili, akasoma tena. Hakuna kosa.

"Mama, hujanunua kitu," alisema. "Utanilipa ya kupima tu."

Mama alimlipa, akamwongezea trei ya mayai. Siku hiyo hakusafiri. Alisubiri hadi kesho yake, akatoka alfajiri, ili kama kuna jambo limpate mchana na watu wako barabarani. Kijana wake alikuwa amepata nafuu, ila hakuruhusiwa kushika usukani.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyo sasa ana daftari la gari: tarehe, spea gani, imefungwa silinda namba ngapi, nani amefunga. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa: KUHESABU KUNAANZIA UPANDE WA MKANDA.